Mama mkwe ana goti, na anauliza tajiri wa Westonbirt alikuwa anavuna nini

MkazaMwana

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote mlioko huku Uingereza.

Mama mkwe wangu amekuja kututembelea. Mwezi huu wa Oktoba nimepata siku moja tu ya mapumziko, Jumanne ya wiki ya tatu, na mume wangu anataka tumpeleke Westonbirt, ile bustani kubwa ya miti karibu na Tetbury, akaone majani yanavyogeuka rangi. Sisi tunakaa Bristol lakini mimi sijawahi kukanyaga huko. Nimefungua ramani yao nikachoka kabla ya safari: hekta 240, njia za kilomita 27, miti kama 15,000, na pande mbili zenye majina tofauti. Mama ana miaka sabini na mbili, goti la kulia linamsumbua, na kiti cha magurudumu hataki hata kukisikia. Anasema akionekana humo watu watadhani katolewa hospitali.

Swali langu la kwanza ni hilo: mwenye goti bovu na saa tatu nne tu za kutembea, aanzie wapi na aache nini?

La pili si langu, ni lake. Mama kakulia chini ya mikarafuu. Kwake mti una mwenyewe, una msimu wake wa kuchumwa, na una watu watakaougombania mwenyewe akishafariki. Nilipomweleza kwamba pale palikuwa milki ya tajiri mmoja aliyejaza ardhi yake miti ya Japani, ya Marekani na ya Chile, akaniuliza, "Alikuwa akivuna nini?" Nikamwambia havuni kitu. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. "Mtu hapandi yote hayo bure. Kaulize vizuri."

Basi nimekuja kuuliza vizuri.

---

Mzee_Panga

Waalaikum salaam, binti. Mpe mama shikamoo yangu, na mwambie kauliza swali ambalo wageni wengi hutembea siku nzima bila kulifikiria.

Mimi ni dereva wa lori mstaafu. Tangu niache usukani, siku moja kwa wiki nakwenda pale kujitolea, tunafyeka miiba, tunakusanya matawi, mvua ikizidi tunakunywa chai. Si mtaalamu, ila nimepita njia zile mpaka nimechoka nazo na nikazipenda tena. Nitaanza na swali la mama, kwa sababu ukishalijibu hilo, la goti linajijibu lenyewe.

Yule bwana ni Robert Holford. Alizaliwa 1808, akaanza kupanda 1829, kijana wa miaka ishirini na moja, ardhi bado ni ya baba yake. Utajiri wenyewe ulikuwa bado haujamshukia. Ami yake, kapera, alifariki 1838 akamwachia mali iliyokadiriwa pauni milioni moja, na mwaka uliofuata baba naye akaondoka. Pesa hizo kwa sehemu kubwa zilitokana na maji. Familia ilikuwa na hisa katika kampuni ya New River, ule mfereji uliochimbwa kuleta maji London kutoka Hertfordshire tangu 1613. Kila aliyefungua bomba kule alikuwa anamwagilia Westonbirt bila kujua. Hilo mweleze mama mapema, maana anapenda kujua mtaji umetoka wapi.

Alipozipata alijenga hasa. London alijenga Dorchester House pale Park Lane, jumba la kuwekea picha za akina Rembrandt, ambalo lilibomolewa 1929 na leo pamesimama hoteli ya Dorchester. Huku shamba akaibomoa nyumba ya baba yake, ambayo haikuwa imetimiza hata miaka hamsini, akajenga nyingine kubwa zaidi kuanzia 1863 kwa mchoro wa msanifu yuleyule wa London, Lewis Vulliamy. Na kijiji kilichokuwa karibu na nyumba alikihamisha. Naam, kijiji, na watu wake. Kilikuwa kinaziba bustani.

Sasa alivuna nini? Alivuna macho ya watu. Enzi zile matajiri wa nchi hii walishindana kwa miti kama wanavyoshindana leo kwa magari. Kulikuwa na wasaka mimea waliotumwa ng'ambo kurudi na mbegu. David Douglas alileta ule msonobari unaoitwa kwa jina lake mwaka 1827, miaka miwili tu kabla Holford hajashika jembe (au hajamshikisha mtu jembe, tuseme ukweli). Sekwoya, lile jitu la California, mbegu zake zilifika Uingereza 1853. Mwenye kuwa nao wa kwanza alikuwa na la kuwaonyesha wageni baada ya chakula cha mchana. Wageni wale hawakutembea kwa miguu, binti, walipanda magari ya farasi. Ndiyo maana zile njia kuu ni pana, zimenyooka na hazina milima ya kukata pumzi: zilipimwa kwa gurudumu. Hapo ndipo goti la mama linapoingia. Tajiri alimtengenezea njia karibu miaka mia mbili iliyopita.

Kwa hiyo ingieni Old Arboretum, ule upande mkongwe, na msimalize nguvu kwingine. Mtangulizeni mama Holford Ride, uwanda mrefu wa nyasi uliopangwa ulenge nyumba. Simameni mtazame upande wa barabara, mtaiona. Mtu akiiona nyumba kwanza, miti yote inageuka kuwa na maana nyingine, kwa kuwa kila kundi limewekwa kwa mpango: ya kijani kibichi iliyokoza nyuma kama pazia, yenye kupaka rangi mbele. Bustani ile ni jukwaa, na nyumba ndiyo kiti cha mbele. Kasoro ni kwamba siku hizi barabara ya A433 imepita katikati, na nyumba si ya bustani tena.

Ilikuwaje? Mama atalipenda hili. Robert alifariki 1892, akarithi mwanawe George, mtu wa maua ya okidi na wa miti ya mepo ("maple") ya Kijapani. Rangi zinazowaleta watu Oktoba ni kazi yake nusu nzima. George alifariki 1926 bila mtoto. Mali ikamwendea mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyekuwa Lord Morley. Nyumba ikawa shule ya wasichana 1928. Miti ikabaki na familia ya mpwa mpaka 1956, ikakabidhiwa Tume ya Misitu ya serikali, na tangu hapo mimi na wewe tunaingia kwa tiketi tu.

Baada ya Holford Ride nendeni polepole hadi Acer Glade, uwazi wenye mepo za Kijapani. Mama akiuliza kama majani yameungua, mwambie hapana. Mti unapojiandaa kwa baridi unaivunja ile klorofili ya kijani na kurudisha ndani kinachofaa. Manjano ilikuwepo siku zote chini yake, imejificha tu. Nyekundu ndiyo inayotengenezwa upya dakika za mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, na inakolea mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na ubaridi. Ndiyo maana mwaka wenye mawingu mengi rangi nyekundu hupauka, na wageni hutulaumu sisi.

Tafuteni pia katsura, mti wa Kijapani wenye majani ya duara kama moyo. Vibao vina majina ya kitaalamu, hivyo tazameni Cercidiphyllum. Msihangaike na macho, fuateni pua. Na mierezi ile inayonukia, iliyosongamana kama nguzo za msikiti, mtaikuta bila kutafuta.

Upande wa pili, Silk Wood, uacheni siku nyingine. Nitasikitika kwa jambo moja tu, kwamba humo umo mzee wetu kuliko wote, kichaka cha miti ya "lime" kinachokadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,000. Ni mashina yapatayo 60 yaliyojipanga duara, lakini ni mti mmoja. Kwa karne nyingi watu wamekuwa wakiukata chini, nao unachipua tena. Mara ya mwisho uliguswa msumeno 2012, na sasa umesimama tena kama kwamba haukuguswa. Holford aliukuta umeshazeeka. Na jamani, "lime" hii si ndimu. Nimeshamwona mtu akitafuta matunda.

---

Hamadi_wa_Swindon

Mzee Panga umepamba mpaka nimesikia harufu ya ubani. Lakini tusimfiche bi mkubwa. Mtu kahamisha kijiji kizima kwa sababu kinamzibia maua, halafu leo tunapiga picha na kusema mashaallah. Nilikwenda na wanangu, kila kona nasoma Holford, Morley. Waliochimba mashimo ya miti hiyo elfu na elfu hawana hata kichochoro chenye jina lao. Na mbegu zenyewe zilichukuliwa kwa watu. Huko Japani na Chile hakuna aliyeulizwa.

Sisemi msiende. Watoto wangu walifurahi hasa. Nasema mkifika mbele ya ile nyumba, mwambieni mama na kijiji kilikuwa wapi.

---

Mzee_Panga

Hamadi, kijiji nimekitaja mimi, umekidaka tu. Na katika majina hukusoma ramani yote. Kuna Mitchell Drive, na Mitchell alikuwa mtunzaji wa miti, mtu wa mshahara, ndiye aliyeishikilia bustani baada ya 1926 ilipokuwa inaelekea kuwa pori. Kuna Jackson Avenue, na Jackson ndiye aliyeorodhesha miti yote katika kitabu mwaka 1927. Bila orodha ile wengine tungekuwa tunafyeka vitu vya thamani tukidhani ni magugu. Wachimba mashimo, hapo nimekubali, huna mpinzani.

Ila mbegu kidogo nikubishie. Kati ya aina 2,500 na zaidi zilizoko pale, zimo ambazo makwao zimebaki chache mno. Kazi yenyewe imebadilika, sasa mti hauletwi ili fulani amwonee wivu fulani.

---

Hamadi_wa_Swindon

Nimekusikia mzee. Siku ya kufyeka miiba nialike, nije na wanangu, labda kichochoro kitapatikana.

---

Mama_Watatu

Wanaume mmeongea siku mbili, na jambo la kwanza ambalo mama yeyote wa kwetu angeuliza hakuna aliyeligusa: mbwa!

Mkazamwana mwenzangu, Old Arboretum mbwa hawaruhusiwi, isipokuwa wale wa kuongoza walemavu. Mbwa wanaenda Silk Wood na ule uwanda wa kati unaoitwa Downs, na huko wako wengi, wanakimbia na wanakuja kukunusa. Mama mkwe wangu mimi ana udhu wake tangu alfajiri na hataki pua ya mbwa kwenye nguo. Tulianzia Silk Wood kwa kutojua, siku ikaharibika kabla ya saa tano. Fuateni ushauri wa Mzee Panga, ingawa yeye hakuwa na sababu hiyo.

Jumanne ni siku nzuri. Mimi nilifanya kosa la kwenda Jumapili ya mwisho wa Oktoba, shule zimefungwa, jua limetoka: saa nzima kwenye foleni ya magari na mtoto analia kukojoa. Nunueni tiketi mtandaoni kabla, na mjue bei hubadilika kwa msimu, ya wakati huu wa rangi ndiyo ya juu. Mkija kwa treni kituo cha karibu ni Kemble, halafu inabidi teksi, kwa hiyo ninyi wa Bristol njooni na gari. Viatu visivyoteleza, majani mabichi ni sabuni. Na pigeni simu mapema mwulize skuta ya umeme ya kuazima. Najua mmesema hataki. Wekeni tu, asijue.

Lile daraja la juu ya miti msiliogope. Lina urefu wa karibu mita 300, lilifunguliwa 2016, na halina ngazi, linapanda taratibu mno mpaka unafika mita 13 na nusu hewani. Mimi naogopa urefu, nilipita nimeshika kidole cha mwanangu wa miaka sita.

---

MkazaMwana

Nimerudi na ripoti, kama adabu inavyotaka.

Jumanne kulikuwa na ukungu asubuhi, jua likatoka saa nne. Mama alivaa koti la mume wangu juu ya koti lake mwenyewe. Tulifanya kama Mzee Panga alivyosema, Holford Ride kwanza. Alisimama pale muda mrefu, anaitazama nyumba, anaitazama miti, anaitazama tena nyumba. Mwishoni akasema, "Kumbe alipanda mbele ya dirisha lake." Nikamwambia habari ya maji ya London na ya ami kapera. Ya maji aliyapokea kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anajua. Ya kapera yalimfurahisha zaidi. Nikamwambia na ya kijiji, Hamadi, nimetimiza ahadi. Akanyamaza, akauliza waliohamishwa walijengewa? Nikasema walijengewa nyumba nyingine. Akauliza, "Na makaburi?" Hapo sikuwa na jibu, na sijui kama yupo kati yenu mwenye nalo.

Katsura tuliupata kwa pua kweli. Mama ndiye wa kwanza. Alisimama ghafla akasema kuna mtu kaunguza sukari, akawa anatafuta kibanda cha kashata. Mume wangu, ambaye hupenda kujua kila kitu, akaeleza kwamba jani likishaanza kuoza hutoa kitu kinaitwa maltoli, na ni kilekile kinachonukia sukari inapoungua jikoni. Mama akasema sawa, lakini kashata iko wapi.

Mepo zilikuwa katikati ya mabadiliko, nyingine damu tupu, nyingine bado kijani. Chini ya mmoja mwekundu wamekaa watu kama ishirini na kamera zao na hakuna anayezungumza. Mama alitoa salamu kwa sauti, wote wakageuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi mmoja wa Kiingereza akamjibu, akampisha kwenye benchi, wakakaa nusu saa pamoja. Mama Kiingereza chake ni "thank you" na "very cold". Sijui walizungumza nini. Walipoachana walipeana mikono.

Sasa skuta. Mama_Watatu, nilipiga simu kama ulivyosema, nikaiweka akiba kimya. Tulipofika alipoiona akakunja uso, tukaiacha, akatembea na fimbo. Kama saa sita goti likaanza. Ikapita ajuza mmoja mwenye kofia ya manyoya, kwenye skuta kama ile, anakwenda kasi kuliko watoto, kikapu mbele. Mama akamfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona. Akauliza, bila kututazama, "Ile inaendeshwaje?"

Mume wangu alirudi mbio kuichukua. Na daraja la juu alilipita nayo, kwenda na kurudi, mara mbili. Pale kati kuna mti mkubwa wa msonobari uliozungushiwa kijukwaa, tukamsimamisha atazame chini. Akasema angekuwa nalo daraja kama hili ujanani, karafuu zote zingechumwa bila mtu kuvunjika kiuno.

Silk Wood hatukuingia, mbwa tuliwaona kwa mbali. Ila nilifanya kosa la kumsimulia ule mti wa miaka 2,000 tukiwa tunarudi kwenye gari. Sasa kila siku ananikumbusha. Nimemweleza si ndimu. Hataki kusikia. Anasema miaka elfu mbili, mashina sitini, na halizai hata ndimu moja, atakwenda mwenyewe akahakikishe, na Mzee Panga ampeleke.